Mjane Asiyetoa Chozi

Bori hakulia. Hilo ndilo lililowakera watu wa kijiji chetu, Nyíres, kuliko kifo chenyewe. Márton alizikwa mwezi wa tisa, fundi wa mapipa, mtu asiye na ugomvi na mtu, kijiji kizima kilifika, na mkewe aliyeishi naye miaka arobaini na sita akasimama kando ya kaburi, macho makavu kabisa, akiangalia viatu vya mchungaji. Kwetu huku mjane analia. Asipoweza, wifi yake anamwanzishia, naye anafuatia. Ilka, dada wa marehemu, alianzisha kweli, tena kwa sauti ya kuwatoa kuku mabandani. Kisha akanyamaza kidogo ili kumpa Bori nafasi ya kuingia. Bori akamwambia, "Wifi, umekanyaga shada la maua."

Basi. Tangu siku hiyo Ilka hakumsemesha. Kila Jumapili walikaa bega kwa bega, maana kanisani kwetu wanawake wanakaa kwa umri, na kati ya Ilka na Bori kuna tofauti ya mwaka mmoja tu. Huwezi kuhama. Mtu huhama akifa aliye mbele yake, na hapo husogea nafasi moja. Kwa hiyo walikaa sketi ikigusana na sketi, wakaimba zaburi ileile, na Ilka akatoka bila hata kusema "Baraka na amani," salamu ambayo sisi tunampa hata karani wa kodi.

Nyumbani Bori aliamka, akawapa kuku chakula, akawasha jiko, akala amesimama. Mtu asidhani alikuwa na uchungu akaumeza. Uchungu haukuwepo. Alijaribu kuutafuta: alitoa koti la Márton kabatini, akalinusa, likanuka koti. Akalirudisha.

Lakini alikuwa na jambo moja la siku ile aliyokufa Márton, na jambo hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Sasa ikaja wiki ya toba, ile ya mwisho kabla ya Krismasi. Kila jioni kengele inapigwa, watu wanakuja kanisani na makoti yao mazito, maana humo ndani baridi ni kali kuliko nje. Na anayetaka kushiriki mkate na divai siku ya Krismasi sharti kwanza apatane na watu. Unamwendea mwenzio, unasema, "Nisamehe kwa yote niliyokukosea." Naye anajibu, "Mungu akusamehe, nami nimekusamehe." Maneno ni hayohayo kwa aliyeiba jembe na kwa aliyevunja nyumba ya mtu. Hakuna anayeuliza ulikosa nini. Ni utaratibu mzuri sana kwa waongo, na mimi mwenyewe nimeutumia.

Mwaka huu Mchungaji Lóránd, kijana wa mjini mwenye mawazo mengi, akaongeza lake. Kila jioni muumini mmoja asimame aeleze Krismasi ina maana gani kwake. Akabandika orodha mlangoni. Ijumaa, siku ya mwisho, aliandikwa Borbála Korpos, yaani Bori wetu.

Mchungaji alimfuata nyumbani kumshawishi.

"Mama Bori, watu wanahitaji kusikia jinsi Mungu alivyokushika mkono mwaka huu."

"Hajanishika, mchungaji."

"Basi useme jinsi unavyomngoja."

"Simngoji. Kula keki, umekonda."

Akala keki, na jina halikufutwa.

Jumatatu alianza mzee Dezső na hadithi ya chungwa alilopewa utotoni, akalificha chini ya mto hadi likaota ukungu, kisha akalila hivyohivyo. Tukacheka mpaka taa zikatikisika. Jumanne mwalimu Emese alisoma kurasa nne kuhusu mwanasesere na akalia mwenyewe kabla yetu. Bori alikaa mahali pake akisikiliza. Aliona midomo inacheka, inatetemeka, na yeye akawaza kama alifunga banda la kuku.

Alhamisi mchana alikwenda kwa Ilka. Alijua bila mapatano hakuna mkate, si kwake si kwa Ilka, na kijiji kizima kitaona pengo la watu wawili kwenye foleni. Alijua pia kuwa yale maneno machache yangetosha. Ilka, kwa ukali wake wote, ni mtu wa kanuni. Ukimpa maneno, anakurudishia maneno. Akamkuta uani anapasua kuni.

"Umekuja kusema, au umekuja kuhesabu kuku wangu?" Ilka akauliza bila kuinua kichwa.

Bori akafungua mdomo. Nisamehe kwa yote. Ni rahisi, hata mtoto anaweza. Lakini akamwona Ilka ameshaweka shoka chini, ameshajifuta mikono kwenye aproni, tayari kusamehe, na hajui anasamehe nini. Anadhani ni machozi. Bori akaangalia kuni zilizopasuliwa.

"Leo baridi," akasema.

"Ni Desemba!" Ilka akafoka. "Ulitaka iweje? Hata ng'ombe humlilia ndama wake, Bori. Hata ng'ombe!" Akashika shoka.

Ijumaa kanisa lilijaa. Watu walikuja kumwona mjane analia hatimaye, tusidanganyane. Bori akasimama mbele ya meza ya Bwana na karatasi aliyoandikiwa na Emese, yenye nyota na tumaini na mwanga. Akasoma mstari mmoja. Akaikunja.

"Hii ni ya mwalimu," akasema. "Nzuri, lakini si yangu. Mimi nina siku moja tu ya kuwaambia, na si Krismasi. Ni siku aliyokufa Márton. Tulikuwa tunapika jamu ya plamu."

Hapo kila mtu alielewa. Jamu yetu haitiwi sukari. Inapikwa uani kwenye sufuria kubwa ya shaba tangu alfajiri, na ikishakuwa nzito huwezi kuacha kukoroga hata ukitaka kupiga chafya. Ukiacha, inashika chini, na kazi ya mwaka mzima inanuka moshi.

"Ilikuwa imeshaanza kuruka na kuunguza mikono," Bori akaendelea, sauti ileile ya kuulizia bei ya chumvi. "Márton alikaa nyuma yangu, kwenye benchi la ukutani. Akaniita, 'Bori, njoo kidogo.' Sasa nyinyi mnamjua. Miaka arobaini na sita ananiita. Bori njoo uone wingu, Bori njoo uone paka alivyolala. Nikamwambia, 'Subiri, itaungua.' Akaita tena. Nikasema, 'Wewe mzee huna kazi? Nimeshasema itaungua!' Hakuita tena. Nikafurahi kwamba amenyamaza. Nikakoroga labda nusu saa, nikaepua, nikajaza chupa zote, nikazifunga. Ndipo nikageuka."

Mzee Dezső alivua miwani.

"Haikuungua," Bori akasema. "Sijalia kwa sababu hakuna kinachotoka. Sizuii. Nikilikumbuka benchi, naona benchi. Wifi yangu Ilka amenikasirikia kwa sababu sikulia, na hilo ni dogo. Nilitaka ajue kubwa kwanza, ndipo nimwombe. Ilka, nisamehe."

Kanisani kwetu hakuna mtu anayesema kutoka kwenye benchi. Sijawahi kusikia, wala baba yangu hakuwahi. Ilka akasimama.

"Alikuita mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Sauti ilikuwaje?"

"Ya kawaida."

"Mara mbili," akasema Ilka, akakaa chini.

Tukangoja. Mungu akusamehe, nami nimekusamehe. Maneno manne tu hayo. Tulingoja hadi miguu ikaanza kutuuma kwa baridi. Ilka alikuwa anatazama mikono yake. Mwishowe Mchungaji Lóránd akatangaza zaburi, na maskini akataja namba ya wimbo wa mazishi, tukauimba hivyohivyo.

Langoni watu walisimama makundi makundi. "Mimi nimekula chupa nzima ya jamu ile," mmoja alinong'ona, kana kwamba hilo ndilo jambo.

Siku mbili zilizofuata nyumba ya Bori haikukosa mgeni. Walikuja na keki, na kabichi iliyokunjiwa nyama, na huruma. Si kosa lako, Bori. Hungejua, Bori. Saa ya mtu ikifika imefika, dada, hata daktari angekuwa amekaa pale pembeni. Mchungaji akamhakikishia kwamba Mungu ameshamsamehe, tena zamani. Bori akawashukuru wote, akawakatia keki zao wenyewe. Maneno yao yalimpita kama redio ya jirani. Alidhani akishasema, kitu kitafunguka ndani yake. Hakikufunguka, na hata kukata tamaa hakuweza.

Asubuhi ya Krismasi aliingia kanisani akamkuta Ilka ameshakaa. Ilka akavuta sketi yake kumpisha, kama alivyofanya miaka yote. Hakumsalimu.

Wanaume wakaenda kwanza kwenye meza. Kisha wanawake wakaanza kuinuka, mkubwa mpaka mdogo, mmoja baada ya mwingine. Zamu ikamfikia Ilka. Hakuinuka. Foleni ikasimama, na bibi aliyetangulia akageuka kumwita kwa mkono.

"Piteni," Ilka akasema.

Ilikuwa zamu ya Bori. Naye akabaki amekaa. Basi wanawake wakaanza kupita mbele ya magoti yao, wakiinua sketi, wakitazama kila mahali isipokuwa hapo walipo wao wawili.

"Nenda," Ilka akasema kwa sauti ya chini. "Wewe umeshaomba. Umemaliza lako."

"Na wewe?"

"Mimi siwezi. Nikienda pale nitakuwa namdanganya Mungu Krismasi mchana kweupe. Nimejaribu usiku kucha. Namsikia Márton akiita, mara mbili, mara mbili. Sijakusamehe, Bori. Labda Pasaka. Labda hata Pasaka nisiweze."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja uzito wa gunia alilolibeba mwenyewe.

Watu wote walikuwa wamemwambia Bori kwamba hakuna kosa. Huyu alimwambia kosa lipo. Mara Bori akahisi kifua kinamchoma, kwanza kidogo tu, kama mguu uliokufa ganzi damu inapoanza kurudi, kisha zaidi, mpaka akashika ukingo wa benchi.

"Inauma," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Ilka, inauma sana."

Ilka hakumgeukia. Alikuwa anaitazama foleni ya wanawake mbele ya meza, na mashavu yake yameloa.

"Acha iume," akasema.