Pikapu ya Baba Ilipogoma Kuwaka

Juzi nilifungua tangi la jenereta ambalo halikuwa limewashwa tangu masika yaliyopita, na harufu iliyonipiga puani ikanilazimisha kukaa chini. Ilikuwa petroli, lakini petroli iliyochacha, kali na chungu kama vanishi ya seremala. Wanangu walidhani nimeshikwa na kizunguzungu. Niliwaambia nimechoka tu, lakini ninyi nitawaeleza ukweli.

Tulikaa Ruhuwiko, pale Songea, na baba alikuwa dereva wa chama cha ushirika hadi chama kilipokufa. Hizo zilikuwa enzi za ruksa, vitu vimejaa madukani na mifuko ya watu mitupu. Badala ya kiinua mgongo, baba alipewa pikapu kuukuu ya kijani. Aliijaza mafuta hadi mdomo wa tangi, akaiegesha chini ya paa la bati ubavuni mwa nyumba, na hapo ikakaa. Mara kwa mara aliifungua betri, akaifunga kwenye baiskeli na kuipeleka mjini kuchajiwa. Sisi tulikwenda kila mahali kwa miguu, tukiipita pikapu inang'aa kwa kufutwa. Mama aliiita "mke mwenzangu". "Hebu kamwangalie mwenzangu kama ameshaoga," aliniambia, na baba mwenyewe alikuwa akicheka.

Mimi nilimwona baba bahili wa kupindukia. Mjini vituo vya mafuta vilikuwa vimefunguliwa, unajipimia unavyotaka, lakini yeye bado aliishi kwenye miaka ya foleni na vibali, alipolala ndani ya lori akingoja dumu moja la petroli. "Mafuta ni ya siku ya shida," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Siku ya shida ilikuja nikiwa darasa la nne. Mama alikuwa amekwenda kwao, kijijini upande wa Mbinga, kujifungulia kwa bibi kama ilivyokuwa desturi. Asubuhi moja, chai ikiwa bado jikoni, mjomba Kanisius, kaka yake mama, aliingia uani na baiskeli, nguo zimemganda kwa tope. Hakungoja hata shikamoo yangu.

"Shemeji, gari! Dada uchungu umemshika tangu jana, mtoto hatoki. Wakunga wameshindwa."

Baba alirukia kwenye usukani. Stata ikazunguka kwa nguvu, maana betri ilikuwa imetunzwa, injini ikakohoa mara moja na kunyamaza. Akarudia. Ikazunguka tena, haikushika. Alishuka, akafungua boneti, akachomoa waya wa plagi na kuusogeza kwenye chuma huku mjomba akipiga stata. Cheche ya buluu ikaruka. Akafungua mpira wa kabureta, petroli ikammwagikia mikononi.

"Moto upo, mafuta yapo," alisema, kisha akaendelea kuyarudia maneno hayo kama anasali rozari. Alisugua plagi kwa msasa, akapuliza kabureta kwa mdomo, akatema, akajaribu tena.

"Shemeji, tukaombe gari mjini," mjomba alisema.

"Gari ninalo! Nikaombe la watu kwa nini?"

Nilikuwa nimesimama na kitenge cha mama, nilichokitoa ili tumfunike njiani. Jua lilizidi kupanda. Nilitamani kulipiga teke lile gari.

Hatimaye jirani yetu Bwana Issa, mfanyabiashara kutoka Tunduru, alikuja baada ya kusikia stata ikilialia. Aliushika mkono wa baba, akaunusa.

"Mafuta haya yamekaa humu tangu lini?"

"Tangu gari lilipofika hapa."

"Basi yamekufa, ndugu yangu. Petroli ikikaa sana inakufa."

Baba alimtazama kama mtu aliyeambiwa maji yameungua. Maisha yake yote petroli ilikuwa kitu cha kuisha, haikuwahi kudumu kwake hata izeeke. Walimwaga tangi lote uani, Bwana Issa akaleta dumu la petroli ya pikipiki yake, na baada ya kukohoa kidogo injini ikashika.

Tulikutana na watu wa kijijini kwao mama njiani. Walikuwa wamechoka kungoja, wakambeba mama kwa machela ya miti na blanketi, wanaume wakipokezana mabega. Walipotuona hawakuharakisha. Waliishusha machela kando ya barabara taratibu, na bibi akaketi chini kwenye vumbi. Hapo nikajua. Nililia hadi sauti ikakauka, na niwaambie kweli, moyo wangu haujapona hadi leo.

Msibani kila aliyempa baba pole alijibiwa maneno yaleyale: "Nilimwekea yeye." Watu walisema amechanganyikiwa. Mimi nilimchukia kwa ubahili wake, nikaolewa nikiwa bado na chuki hiyo.

Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza, bibi aliniambia nisichokijua. Kabla yangu mama alikuwa na mtoto mwingine. Uchungu ulimshika miaka ile ya foleni, lori la ushirika likiwa limesimama uani, tangi kavu, na mtoto akazaliwa amekufa. Siku ileile baba aliapa kwamba mke wake hatakosa mafuta tena.

Nilikwenda kwake, nikapiga magoti, nikamwambia, "Baba, bibi amenieleza."

Aliiangalia mikono yake.

"Ningemtembeza tu na ile pikapu, mwanangu," alisema. "Ningekuwa namtembeza tu hivihivi, bila sababu, angekuwa hai."