Alama ya Vema ya Mama Blandina

Katika kituo cha afya, huko milimani juu ya Gonja, hakuna aliyewahi kumwambia Mama Blandina kwamba amekosea. Nani angethubutu? Alikuwa mkunga kwa miaka ishirini na saba. Dereva wa gari la wagonjwa alizaliwa mikononi mwake, kiongozi wa vijana kanisani naye vilevile, na wote walimwamkia shikamoo kwa kuinama kidogo.

Ndipo Daktari Eliezeri, mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, alipoleta mambo yake ya Jumatano. Nusu saa kabla ya kazi, wafanyakazi wote walikusanyika kujifunza. Aliyetumwa semina Same mjini alirudi kuwafundisha wenzake, na kila mmoja alifanya kwa mikono yake mwenyewe, akisahihishwa mbele ya wote, hadi apate. Hapo ndipo alipowekewa alama ya vema kwenye daftari. Somo la kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua lilimwangukia Fadhila, muuguzi wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Kihurio. Alirudi na mdoli, maski ndogo na mfuko wa kusukumia hewa.

Mama Blandina hakukosa hata Jumatano moja. Alikaa benchi la mbele na kuitikia kwa kichwa. Ila zamu yake ya kumshika mdoli ilipokaribia, alikumbuka ghafla kwamba kuna dawa hazijapangwa stoo. Uvivu haukuwamo. Alikuwa akiogopa. Siku zote mtoto akichelewa kulia, yeye alimsugua mgongo, akamgonga nyayo, akaomba. Wengi walilia. Kwa wale wasiolia watu walisema ni mapenzi ya Mungu, naye alikubaliana nao haraka kuliko mtu yeyote. Kumshika yule mdoli kungemlazimu kujiuliza swali ambalo hakutaka kulisikia jibu lake.

Fadhila, kwa malezi yake mema, alimwekea vema bila kumjaribu. Alisema tu kwamba Mama anajua. Mama Blandina aliiona alama ile daftarini, akaiacha ilivyo.

Mwezi uliofuata, saa nne asubuhi, mwanamke mmoja kutoka Suji aitwaye Fortunata alijifungua mtoto wa kiume, uzao wake wa kwanza. Mtoto hakulia. Daktari alikuwa ameteremka Same mkutanoni. Mama Blandina alimfuta mtoto, akamsugua mgongo, akamgonga nyayo. Kimya. Mtoto alikuwa amelegea, na midomo ilikuwa inaanza kuwa ya buluu.

Akakata kitovu upesi, akamlaza mezani, akachukua maski na mfuko. Alikipeleka kichwa cha mtoto nyuma mno, akabonyeza. Hewa ikatorokea pembeni mwa maski. Kifua hakikuinuka. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, na bado kifua kilibaki palepale.

Fadhila alikuwa amesimama upande wake wa kulia. Aliliona kosa, na Mama Blandina alijua kwamba ameliona, maana alisikia pumzi ya binti yule ikikwama. Mbona hasemi? Sekunde zilikuwa zinakwenda. Alijua fika kwa nini hasemi. Shikamoo za miaka yote hiyo zilikuwa zimemziba mdomo, na mtoto wa watu alikuwa anakufa kwa ajili ya adabu.

“Fadhila,” alisema, “sijui kukitumia hiki kitu. Chukua.”

Fadhila akachukua. Alikirudisha kichwa mbele kidogo, akaibana maski kidevuni, akabonyeza taratibu. Kifua kikainuka. Kikashuka. Akaendelea, mara kumi, mara ishirini. Fortunata aliuliza kutoka kitandani mbona mwanawe halii. Kisha mtoto akakunja uso, akakohoa, akaangua kilio cha hasira.

Mama yake Fortunata aliingia akimwaga baraka, akamshika mkunga wake wa siku zote mikono yote miwili. Mama Blandina aliitoa mikono yake polepole, akamwelekeza kwa Fadhila, akatoka.

Alasiri Fadhila alimfuata stoo. Alianza kuomba radhi, kwamba angesema mapema, ila angeanzaje kumsahihisha mtu anayelingana umri na mama yake mzazi.

“Mwaka juzi nilimfunga mtoto mchanga wa Melkizedeki kwenye kanga, akazikwe,” Mama Blandina alisema. “Nikamwambia baba yake ni mapenzi ya Mungu. Alikuwa kama huyu wa leo, Fadhila. Kama huyuhuyu. Usinistahi tena, mwanangu.”

Hawakungoja Jumatano. Mama Blandina alimlaza mdoli juu ya boksi la glavu, mlango ukiwa wazi, dereva na mfanya usafi wakitazama. Aliweka kichwa, akabana maski, akabonyeza.

“Bado, Mama,” Fadhila alisema. “Kifua hakijainuka.”

Mama Blandina alijifuta machozi kwa bega, akaanza upya.