Buli la Bi Keiko na Mkono wa Kushoto

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka uso unaniwaka, na imeshapita miaka zaidi ya arubaini. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, maneno mengi na subira kidogo. Tuliondoka Unguja baada ya mapinduzi, tukapita Mombasa, tukaja kuishia huku kwenye baridi. Mimi na mama yangu tulipanga chumba kimoja cha juu, Harrow, hapahapa London, kwenye nyumba ya Wahindi waliotoka Kenya. Nilikuwa nimeshafukuzwa kazi mbili, zote kwa sababu ya kujibu. Nilipopata ya tatu, mama akaniambia, "Hii ukiipoteza, usije kunihadithia nani kakosa. Miye nishajua."

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye duka dogo nyuma ya Edgware Road, lililouza chai ya Kijapani na vyombo vyake. Mwenye duka alikuwa Bi Keiko, mama wa Kijapani mwenye mvi, mchache wa maneno. Alinichukua kwa mwezi mmoja wa majaribio. Nilifungua maboksi, nilipangusa rafu, na mteja akija nilichemsha maji.

Chai yake sikuielewa. Unajua kwetu, mgeni hupewa chai iliyochemka ikatokota, na hiliki, na sukari ya kutosha. Bi Keiko alimimina maji ya moto kwenye bakuli, akakaa kuyangoja yapoe ndipo ayatie kwenye buli. Alisema majani ya chai ya kijani yakipigwa na maji yanayotokota yanakuwa machungu. Nikasema moyoni, huyu bibi anawanywesha watu uvuguvugu. Hilo nililivumilia.

Nililoshindwa kulivumilia ni mkono. Alimimina kwa mkono wa kushoto na kikombe alimpa mteja kwa mkono huohuo. Nawe unajua tulivyolelewa. Mimi nikiwa mtoto nilipigwa vidole kwa kumpa babu maji kwa kushoto, na yeye mwenyewe wala hakuwa ameona. Basi kila Bi Keiko alipoinua lile buli nilikuwa natazama ukutani kwa aibu, kama vile nakosa mimi.

Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, akaingia mzee wa Kiomani na mkewe. Mzee kavaa koti juu ya kanzu, na bibi kajifunika vizuri. Nikajua hapa leo tumeumbuka. Bi Keiko akatengeneza chai kwenye buli lake mwenyewe, lile dogo la udongo mwekundu alilokuwa hampi mtu mwingine kulishika. Akaliinua kwa kushoto. Nikamwona mzee anautazama ule mkono.

Sikungoja. "Niachie mimi," nikasema, na nikalichukua buli kutoka mkononi mwake, mbele ya wageni.

Hebu nikueleze lilivyo, maana nyumbani kwako huna. Mabuli ya namna ile mshikio wake hautoki nyuma, unatoka ubavuni, umenyooka kama wa sufuria ndogo. Unaushika, na dole gumba linakandamiza kifuniko kisianguke. Mimi nimelishika kwa kulia, kwa adabu zangu zote, na mdomo wa buli umegeukia tumboni kwangu! Nikaupinda mkono ili uelekee kikombeni, dole gumba likatoka, na kifuniko kikateleza, kikapiga ukingo wa meza. Vipande viwili.

Yule mzee akazungumza na mimi kwa Kiswahili safi cha Unguja. Kumbe amezaliwa Mkunazini.

"Mwanangu, ungemwacha mwenyewe."

"Baba, nilikuona unautazama mkono."

"Niliutazama kwa kumwonea imani. Ule wa kulia hukuuona?"

Nikautazama. Ulikuwa mfukoni mwa aproni, kama siku zote. Bi Keiko akautoa kuokota vipande, na vidole vilikuwa vimekunjamana, havifunguki. Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba alikuwa amepata kiharusi miaka mitatu nyuma. Wiki tatu nafanya naye kazi, na mkono ule mfukoni nilidhani ni maringo. Lile buli kaka yake alimwagizia kwao kwa fundi, mshikio umetiwa upande wa pili, kwa mtu wa kushoto. Na kifuniko chake kilisuguliwa pamoja nalo mpaka vikakaana sawasawa, hakuna kingine kitakachokaa pale.

Wageni wakaaga kwa upole. Bi Keiko hakupiga kelele, na mimi ningependa angepiga. Alikaa, akavigusanisha vile vipande, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Ungeniuliza." Halafu akaniambia niende zangu nyumbani.

Nilijua nikitoka mlango ule sirudi. Nikamwambia, "Nipe mpaka jioni nikutafutie jingine humuhumu." Akasema mabuli yote ya dukani ni ya mkono wa kulia. Nikamwambia, "Nipe tu, nakuomba." Akanyanyua bega moja, na mimi nikalichukua kuwa ni ruhusa.

Nikaingia stoo, nikaufunga mkono wangu wa kulia mgongoni kwa mtandio, nikaanza kufungua maboksi kwa wa kushoto. Usinicheke. Nilivunja kikombe kimoja kabla sijazoea, nikakilipa. Kila buli nilitia maji, nikamimina. Lile la maua ya dhahabu nililolitamani tangu siku ya kwanza lilikuwa zito na likidondosha matone mezani. Jingine kifuniko kilicheza. Jingine chujio la ndani lilikuwa na matundu makubwa, majani yangepita yote. Na mengi yalinigeukia tumboni, vilevile kama lile la asubuhi.

Kwenye boksi la chini kabisa nikapata moja la kahawia, halina pambo lolote, mshikio uko nyuma, mkabala na mdomo, kama mabuli ya kwetu. Halikujali mkono gani. Jepesi, na nilipoacha kumimina mdomo ulikata maji papo hapo.

Nikachemsha maji, nikayamimina kwenye bakuli, nikayangoja. Ile ndiyo mara yangu ya kwanza kungoja maji yapoe, mwanangu. Nikampelekea. Nikauliza, "Umimine wewe, au nimimine mimi?"

Akanitazama sana. Akalishika, akamimina taratibu mpaka tone la mwisho, na kikombe akanipa kwa mkono wake wa kushoto. Nikakipokea kwa mikono miwili. Chai ilikuwa na ladha ya majani mabichi na utamu kwa mbali, na mimi nikalia kama mtoto.

"Jumatatu uje saa tatu," akasema. "Kuna maboksi mapya."

Nilifanya kazi pale miaka kumi na moja. Watu wakija kununua, niliwaambia wasianze na rangi. Nani atamimina? Mkono upi? Anywe peke yake au na wageni?

Sasa wewe unaolewa mwezi ujao, unakwenda Stanmore kwa watu usiowajua, na una mdomo wangu. Utaona wakifanya mambo utakayoona ni kukosa adabu. Usikimbilie kuwasahihisha. Uliza kwanza, na uulize kwa nia ya kusikia. Ukiharibu, na utaharibu, usiende kulala kwa mama yako. Baki palepale siku ileile utafute cha kutengeneza kwa mikono yako. Na nikikuambia haya ukanijibu kwa Kiingereza, sawa, mradi umesikia.

Mungu akupe nyumba yenye watu wa kukusamehe kabla hujazeeka. Akupe na wewe moyo wa kuwasamehe wao. Na mkono wowote utakaonyooshwa kwako kwa wema, Mwenyezi Mungu akujaalie uupokee kwa miwili.