Baiskeli Isiyobeba Kitu

Kosa langu lilikuwa kusema, "Hiyo njia naijua." Nililisema nikiwa nimekaa, na mengi ya maisha yangu nimeyasema hivyo. Binti yetu alikuwa amekuja nyumbani kutoka Nairobi, ameweka simu mezani, ramani imejaa kioo kizima. Mto wetu ulikuwa umechorwa pale kwa rangi ya buluu, rangi ambayo sisi tunaoishi kando yake hatujawahi kuiona ndani yake. Mto wetu ni mchanga. Maji yako chini, na ukiyataka unachimba.

"Baba, kando ya mto kuna mahali baiskeli inaweza kupita?"

Nikamwambia njia ipo, tena tambarare, safi, haina hata mwiba. Ukweli ni kwamba niliipita mara ya mwisho nikiwa kidato cha pili, likizo ya Desemba, baada ya mvua kunyesha na mchanga kushikana. Hayo ya mvua sikuyasema.

Inafaa mjue kazi ya huyu binti. Kule jijini alikuwa akiwaongoza watu wanaotembea kwa baiskeli kwa starehe, ndani ya bustani na kando ya mto wa jiji, kwenye njia zenye vibao vya kukuonyesha uelekee wapi. Nilimtembelea mara moja akanipandisha baiskeli. Niliporudi kwetu Zombe niliwasimulia watu jinsi nilivyozunguka bustani za Nairobi, nikasahau kuwaambia kwamba niliyoyaona vizuri ni mabenchi. Ya kando ya maji yana kivuli, lakini yale ya karibu na lango ndiyo mapana.

Sasa alikuwa ameacha kuajiriwa. Alitaka kuwaleta watu wa jiji huku kwetu, waendeshe kando ya mto halisi, wale, wapumzike, warudi. Kikundi cha kwanza kilikuwa tayari kimekubali, na hicho ndicho kingeamua kila kitu. Hao watu wanajuana. Wakirudi wakisifu, wengine wangekuja, na wakirudi wakinung'unika, binti yangu angeenda kubisha mlango wa kazi aliyoiacha.

"Na wewe ndiye utatuongoza, Baba," akasema. "Wageni wanapenda mwenyeji."

Mke wangu alikuwa akichambua mboga. Hakuinua kichwa. "Huyu," akasema, "hata dukani anaongozwa."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Septemba, kiangazi kimekolea. Wageni walikuwa wanne, wamevaa nguo za kubana na helmeti zenye matundu. Mmoja alikuwa mwanamume aliyependa kueleza habari za matairi yake, ambayo aliyaagiza mbali na kuyaheshimu kama wakwe. Mimi nilipanda baiskeli nyeusi ya jirani, ile ambayo kila siku hubeba mitungi ya maji. Tuliondoa mitungi, ikabaki kamba ya mpira ikining'inia nyuma.

Mwenye baiskeli alikuwa shambani, lakini mke wake alisimama uani kutazama tukiondoka. Huyo mama aliolewa hapa kutoka Salama, na watu wa Salama wamekulia kando ya barabara kuu. Wameona malori ya kila aina yakipita na hawashangai ovyo. Siku hiyo alishangaa.

"Leo umetoka?" akaniuliza.

"Nimetoka kidogo, jirani."

"Na baiskeli haina kitu?"

"Haina kitu."

Akanitazama jinsi nilivyokuwa nikiutafuta usawa kwenye kile kiti, akaingia ndani haraka. Nilidhani ameenda kucheka.

Hapo ndipo ningepaswa kukumbuka. Bondeni kwetu baiskeli hubeba. Hubeba maji, makaa, gunia la ndengu, mgonjwa, kuku waliofungwa miguu. Mtu mzima anayeendesha baiskeli tupu, tena akiharakisha, ameleta habari ya msiba. Mtandao wa simu haufiki kule chini, kwa hivyo mtu akifariki, anatumwa mmoja apite nyumba kwa nyumba, na anaambiwa asibebe chochote asije akachelewa. Hili nalijua tangu nikiwa mdogo. Lakini nilikuwa nimezuru bustani za Nairobi, nikaona baiskeli zinazobeba wenyewe tu, nikaendelea.

Nyumba ya kwanza tulimkuta mama mzee akipepeta ndengu. Alipotuona aliweka ungo chini.

"Ni nani?" akauliza.

Nilishuka, maana huwezi kumsalimu mtu wa umri ule ukiwa juu ya baiskeli. "Hakuna mtu, mama. Tunatembea tu."

"Mnatembea." Akazihesabu baiskeli zetu kwa macho, zote tupu. "Na hawa?"

"Wametoka Nairobi."

Nilidhani nimemtuliza. Watu wa Nairobi hawateremki bondeni kwa haraka hivyo ila kwa jambo moja.

"Sawa, mwanangu," akasema polepole. "Kama umekatazwa kusema, usiseme." Akavuta leso yake kwenye kamba akajifunga.

Nyumba ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu, na kila mahali nikashuka, nikasalimu, nikakana. Nilivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kunionea huruma. Mzee mmoja alinishika bega akaniambia nijikaze. Mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani anasema habari ya kuendesha.

Kisha tukaingia mtoni, na nikaelewa kwamba Septemba si Desemba. Kila familia ilikuwa imechimba kisima chake mchangani, na kila kisima kilikuwa kimezungushiwa matawi ya miiba ili mbuzi na punda wasichafue maji. Ile njia yangu safi ilipita katikati ya nyua hizo. Pancha ya kwanza ilikuwa ya yule bwana wa matairi. Ya pili pia ilikuwa yake. Baada ya hapo aliacha kuyazungumzia.

Palipokosa miiba, miguu ilizama mchangani hadi vifundoni, tukasukuma. Mmoja wa wale wageni, mwanamke mpole, akaniuliza, "Mzee, inaendelea hivi mpaka wapi?"

"Hapo mbele itanyooka."

Njia ilikuwa imenyooka tangu asubuhi. Kilichopinda kilikuwa maneno yangu.

Binti yangu alikuja kando yangu akisukuma, akaongea kwa sauti ya chini.

"Baba, ulipita hapa lini?"

"Zamani kidogo."

"Zamani gani?"

"Ulikuwa hujazaliwa."

"Na mama?"

"Mama nilikuwa sijamwona."

Hakucheka. Alitazama mbele, wageni wake wameinamisha vichwa juu ya usukani kama watu wanaosukuma mikokoteni. "Wakirudi hivi," akasema, "mimi Jumatatu naenda kuomba kazi."

Nikasema tukate kona, turudi nyumbani kwa njia ya juu. Hiyo kweli niliijua, kwa sababu ndiyo ya kwenda nyumbani.

Tulipofika kwenye kilima kidogo kinachotazama boma letu, niliona turubai limefungwa kwenye miti miwili. Chini yake kulikuwa na viti vya kanisani, na watu wamejaa kimya. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Nakiri kwamba mimi mwenyewe, niliyeeneza hiyo habari asubuhi nzima, niliiamini.

Niliacha baiskeli ianguke, nikakimbilia mlangoni alipokuwa amesimama mke wangu.

"Nani amekufa?" nikamuuliza.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakungoja uniambie."

Majirani walikuwa wameanza kufika mapema, mmoja mmoja, wakampa mkono mke wangu, wakakaa. Hakuna aliyesema neno. Walijua kwamba yeye bado hajaambiwa, na si kazi ya jirani kumwambia mke wa mtu. Wangoje mumewe arudi. Akawapikia chai. Akiwa anapika alianza kuwapitia jamaa zake kichwani, mama yake, dada zake, wote waliokuwa na simu akawapigia wakapokea. Wakabaki wawili tu ambao simu zao hazikuwa zikipatikana, mimi na binti yetu, tuliokuwa bondeni.

Alinishika mkono wa shati kama mtu anayepima kitambaa, kisha akauachilia. "Ukitaka kutembea tena," akasema, "beba hata kabichi."

Nikasimama mbele ya watu nikaeleza kwa lugha ya kwetu, ambayo wageni hawakuijua. Mzee wa kanisa alifunga kitabu cha nyimbo taratibu.

"Kwa hivyo hakuna?" akauliza mmoja.

"Hakuna."

"Hata mgonjwa?"

"Hata mgonjwa."

Watu walikuwa wameacha mashamba. Lakini chai ilikuwa imeiva, na akina mama walikuwa wameleta sufuria kubwa za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Hakuna aliyeondoka.

Wageni wetu, wakati huo, walikuwa wamekwisha kuketishwa mbele kama wafiwa waliotoka mbali. Waliletewa maji ya kunawa. Akina mama waliwapa mikono kwa zamu, wakiishika kwa muda mrefu. Yule mwanamke mpole alimgeukia binti yangu macho yakiwa yamelowa. "Hawatujui," akasema, "na kila mmoja amenipa pole ya safari."

Bwana wa matairi alikula sahani ya kwanza, akaomba ya pili. Kisha akauliza kama mapokezi haya ya turubai huwa yapo kila mara kwenye matembezi, maana ana rafiki zake ambao wangependa kuja mwezi ujao, na hata huo mchanga hauna neno kama mwisho wake ni huu.

Binti yangu alinitazama. "Ni ya njia hii peke yake," akamjibu.

Akanipitia karibu akienda kuongeza chai. "Usiwaambie chochote, Baba. Na mwezi ujao utakaa nyumbani." Sijawahi kupewa adhabu iliyonipendeza kama hiyo.

Jua lilipoanza kulegea watu wakaanza kutawanyika, wengine wakinisalimu, wengine wakinipita. Jirani yangu, yule wa Salama, ndiye aliyekuwa ametangulia kufika asubuhi, na kama desturi ilivyo alikuja na mzigo wa kuni mgongoni kwa ajili ya matanga. Mzigo ulikuwa bado pale ukutani, haujaguswa. Nikaunyanyua nimrudishie, nikamwambia, "Jirani, chukua kuni zako. Umeona hakuna matanga."

Alitazama suruali yangu iliyochanwa na miiba. Akaitazama baiskeli ya mume wake, iliyokuwa bado imelala pale nilipoiangusha.

"Ziache hapo hapo," akasema. "Vile nimekuona ukiendesha hiyo baiskeli, sitaki kuzibeba mara mbili."