Mtu wa Kamba

Kwa miaka ishirini na mitatu mimi nilikuwa mtu wa kamba. Mume wangu alishika usukani wa mashua yetu ndogo, mimi nikashika kamba ya tanga, na hakuna aliyeweza kwenda popote bila mwenzake. Asubuhi upepo wa nchi kavu ulitutoa ufuo wa Dunga hadi katikati ya ghuba. Alasiri upepo wa ziwa ukaturudisha. Kila alipotaka kugeuza alipaza sauti, "Mama, chunga kichwa!" nami nikainama, ule mti wa chini ya tanga ukapita juu yangu kwa kishindo. Siku moja nilichelewa. Jumapili yake nilienda kanisani na nundu, na akina mama wa kwaya wakamtazama Mwalimu kwa jicho baya. Mwalimu ndilo jina ninalomwita hata leo, ingawa alistaafu zamani kule Maseno.

Kisha bega langu likaharibika. Daktari akasema kamba basi. Mwalimu hakubishana, haikupita miezi miwili mashua ikauzwa, na mahali pake pakafungwa boti ya injini, yenye kibanda, viti vya sponji na usukani wa duara kama wa gari.

"Sasa wewe ni kukaa tu, Mama," akaniambia, amefurahi kama aliyeniletea zawadi.

Nilimshukuru. Moyoni niliwaka.

Boti ile haikunihitaji. Nilikaa kwenye sponji na chupa yangu ya chai kama mgeni wa harusi, na injini ikanguruma hata mazungumzo yakatushinda. Niliona wivu, nasema wazi, wivu juu ya kipande cha chuma. Alipogeuza bado niliinamisha kichwa, naye akacheka mpaka akakohoa. Nikaanza kutafuta visingizio. Leo kuna mkutano wa akina mama, leo nafua mapazia. Akawa anaenda peke yake.

Jumamosi moja alinibembeleza, nikaenda. Tulikuwa tunarudi nilipoona mbele yetu mstari wa chupa nyeupe za plastiki, maboya ya wavu wa mtu. Nikasubiri ageuze. Mtu mzima, nilijisemea, hahitaji kuelekezwa na abiria. Hakugeuza. Injini ikakwama, ikazima, wavu umejizungusha kwenye propela.

Mwenye wavu akaja akipiga kasia. Hakututukana; afadhali angetukana.

"Mzee, kwani hizi chupa hukuona? Zote hizi?"

Mwalimu akaomba radhi, akaahidi wavu mpya. Mvuvi alipoinama nyuma ya boti kukata nyuzi, mume wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Sikuziona. Siku hizi hata ufuo siuoni vizuri."

"Tangu lini?"

"Tangu wakati wa tanga. Lakini upepo nilikuwa nausikia shavuni, na wewe ulikuwa unaniambia kila kitu kilicho mbele."

Ni kweli, nilikuwa simalizi kusema. Kisiwa hicho, magugu hayo, mtumbwi huo kulia. Nilidhani ni domo langu tu. Nikakumbuka majuma yote niliyokuwa nafua mapazia yaliyo safi huku yeye yuko ziwani peke yake, haoni. Nilitaka kumgombeza na kumkumbatia kwa pamoja.

"Toka hapo kwenye usukani," nikamwambia.

"Na bega lako?"

"Huu hauvutwi, unazungushwa tu. Toka, Mwalimu."

Akatoka, akakaa kwenye sponji. Nikammiminia chai. Mvuvi alipomaliza nikawasha injini, nikaondoka polepole, mikono imelowa jasho kama ya bibi harusi. Hatukufika mbali nikaona mstari mwingine wa chupa. Nikazungusha usukani kushoto.

"Mwalimu, chunga kichwa!" nikapaza sauti bila kufikiri.

Akainama.