Ongeza Moja

Msumeno wa meza wa baba mkwe, seremala, ulidanganya digrii moja kwa miaka ishirini. Mama mkwe ndiye aliyegundua. Kila alipopita karakana ya uani alimkumbusha: "Ongeza moja, mzee." Akitaka pembe ya arobaini na tano, mshale wa kipimo anauweka arobaini na sita.

Mama mkwe alipofariki, mimi na kiherehere changu nikaurekebisha mshale. Nikamwambia mzee. Akaitikia kwa kichwa tu.

Jana alikata fremu ya picha ya marehemu. Aliongeza moja kama kawaida. Pembe zote nne zikaachana, kucha inaingia.

"Baba, si nilikuambia nimeurekebisha?"

"Uliniambia."

Macho makavu, akachukua bisibisi, akaurudisha mshale kwenye uongo wake, akaongeza moja, akakata upya.