Nilipomtafuta Maduhu Angani

Nakumbuka jioni ile kule Kimali, mjukuu wangu, nikiwa mke kijana bado, na kaburi la Maduhu wangu halijaota hata jani. Maduhu alikuwa mzaliwa wangu wa kwanza. Surua ilimchukua ndiyo kwanza ameanza kufukuzana na ndama. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sitakueleza zaidi ya hapo.

Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini. Shemeji yangu Masanja, mdogo wake mume wangu, alikuwa amekuja likizo kutoka sekondari. Kijana yule alipenda maarifa kama fisi anavyopenda mfupa (ni marehemu sasa, lakini hata yeye angecheka). Akanionyesha nyota ile kubwa ya magharibi, inayotangulia wenzake jua likizama. Akasema ile si nyota, ni dunia nyingine, na kwamba wasomi wanadhani labda kwenye dunia nyingine nako kuna uhai.

"Watu?" nikamuuliza.

"Labda, shemeji."

"Basi Maduhu anaweza kuwa kule?"

Masanja akanitazama. Nilikuwa nimekonda, sili, silali, wala silii. Akanihurumia.

"Ndiyo, shemeji," akasema. "Yuko kule."

Ilikuwa huruma tupu, mwanangu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku hiyo nikawa kila jioni natoka uwanjani kumwangalia mwanangu. Kuna miezi ile nyota haikuonekana kabisa, nikadhani amenikasirikia.

Wakati huo nilikuwa na mimba, nikajifungua mtoto wa kiume. Katika ukoo wa mume wangu, mtoto akifariki jina lake haliachwi chini. Anayezaliwa nyuma yake hulibeba, na mama yake ndiye hulitamka kwanza. Mimi nikakataa. Nilisema Maduhu yu hai, jina lake bado analitumia. Jina lingine nalo sikumpa. Pamba ikapandwa, ikapaliliwa, ikachanua, na mtoto bado anaitwa "huyu". Nilimnyonyesha macho yangu yakiwa magharibi. Alikuwa akinitafuta usoni, hanipati. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mama mkwe wangu hakunigombeza. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache alijua pa kuyapeleka. Alimngoja Masanja arudi likizo nyingine, akamkalisha mbele yangu.

"Masanja, baba, kule juu umefika?"

"Hapana, mayu," akamjibu mama yake.

"Kuna aliyewaona hao watu?"

"Hakuna, mayu. Wanasema labda."

"Sasa hiyo labda umeipeleka wapi? Wewe ulipewa labda, mwenzio ukampa ndiyo. Umemtoa msibani hata hajalia. Mimi leo nina wajukuu wawili, mmoja yuko kaburini, na huyu mwingine mama yake yuko angani. Mwambie shemeji yako kile unachokijua."

Masanja akapiga magoti.

"Nisamehe, shemeji. Kama kule kuna uhai, sijui. Maduhu alipo, sijui. Ninachojua ni pale tulipomzika, maana jembe nililishika mimi."

Basi nikalia. Nililia kilio nilichokuwa nimekiweka tangu mazishi, mama mkwe amenishika mgongo, Masanja naye analia kuliko mimi. Nilipochoka nikampokea yule mtoto, nikamwangalia. Alikuwa na nyusi za baba yake. Kumbe sikuwahi kuziona. Nikamwita Maduhu. Akanikodolea macho kana kwamba ananiuliza nilikuwa wapi.

Juzi hapa Somanda ulinionyesha kwenye simu kwamba dunia ile ina joto la kuyeyusha risasi. Nilikurudishia simu yako, ukadhani bibi hajaelewa. Nilielewa. Moyo uliniuma upya, na uzee wangu huu wote. Ukaniambia wataalamu bado wanatafuta uhai kwingine, ukaniuliza kama naamini. Waache watafute, mwanangu, nawe ukiweza nenda ukatafute nao. Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Mimi sijui, na sioni aibu kusema sijui.

Ila nakuusia. Usilolijua, lipeleke kwa watu pamoja na labda yake. Usiing'oe njiani eti kwa sababu unayemwambia anaumia. Anayeumia ndiye anayeamini upesi. Ukimkuta mfiwa, usimjengee mtu wake nyumba mahali ambapo wewe hujafika. Keti naye chini, mshike mgongo, mwache alie. Na aliyebaki mikononi mwako mwangalie usoni, mwite kwa jina, maana naye anakungoja.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe elimu, na akupe moyo wa kuibeba. Akujalie watoto, na siku ikifika, wao ndio wakuzike wewe.